Jino la mtoto likivunjika mzizi haujakomaa: namna ya kuuacha uendelee kukua

Mtoto akiletwa kwangu amevunjika jino la mbele, kitu cha kwanza ninachouliza ni umri. Wa miaka 8 na wa miaka 14 ni wagonjwa tofauti kabisa, hata kama meno yao yamekatika pale pale. Huyu wa miaka 14 mzizi wake umeshajengwa ukaisha. Wa miaka 8 ana jino ambalo mdomoni linaonekana kubwa, pengine limeuzidi hata uso wake, ilhali ndani ya mfupa mzizi umefika nusu au robo tatu tu. Kuta zake ni nyembamba na ncha iko wazi.

Ukilitibu jino hilo kwa namna ya mtu mzima, umelisimamisha hapo hapo lilipo. Litakaa miaka michache, kisha siku moja mtoto anatafuna muhogo na linakatika usawa wa ufizi. Ukilitibu kwa kuheshimu kinachoendelea kule chini, mzizi una nafasi nzuri ya kujimalizia wenyewe. Vitu vinavyoujenga vimo ndani ya jino na ndani ya damu ya mtoto, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni kutoviharibu.

Nawaandikia wazazi wenye watoto wa kati ya miaka 6 na 14, pamoja na matabibu wa meno wenzangu wa wilayani. Mimi niko Tanga. Huku likizo ya Desemba huangukia msimu wa maembe, na benchi la nje ya chumba changu hujaa walioanguka mwembeni. Miezi mingine ni chandimu, baiskeli za kukodi, na bomba la maji la shule, ambapo mtoto anainama kunywa na mwenzake anamsukuma kwa nyuma.

Kwanza elewa mzizi unavyojengwa

Jino huanza kujengwa juu kwenda chini: taji kwanza, yaani sehemu tunayoiona, halafu mzizi. Taji likikamilika, tabaka mbili za seli zilizokuwa zikihusika na enameli, lile ganda gumu la nje ya taji, hukutana ukingoni na kuteremka pamoja ndani ya taya. Tabaka hilo jembamba linaitwa ala ya Hertwig, kwa jina la Oscar Hertwig, Mjerumani aliyelieleza mwaka 1874 akichunguza meno ya jamii ya vyura. Ala yenyewe haitengenezi dentini, yaani sehemu ngumu ya jino iliyo chini ya enameli. Inaziamuru seli zilizo upande wake wa ndani zigeuke kuwa seli za kutengeneza dentini, na dentini ikishawekwa, ala inakatika vipande vipande ili seli za upande wa nje ziifikie na kuweka sementamu, tabaka gumu linaloufunika mzizi, pamoja na nyuzi zinazoushika mzizi kwenye mfupa.

Amri hizo zinapitishwa kwa protini ndogo ndogo ambazo kwa Kiswahili tunaweza kuziita vichochezi vya ukuaji. Seli moja inaitoa, jirani yake ina kipokezi, protini ikinasa pale jirani anabadili mwenendo: anagawanyika, anahama, anaanza kutengeneza kitu alichokuwa hatengenezi. Ni nyingi, lakini kwa mzizi wa jino nitazitaja chache.

Kuna familia ya TGF-beta, ambayo ndani yake zimo protini zinazoitwa BMP. Hizi BMP zilianza kujulikana kwa mifupa, pale Marshall Urist, daktari wa mifupa wa Marekani, alipoonyesha mwaka 1965 kuwa mfupa uliotolewa madini ukipandikizwa ndani ya msuli huotesha mfupa mpya. Baadaye ikaonekana jino nalo linazitegemea. Panya waliofanyiwa mabadiliko ili ala yao ya Hertwig isiweze kuzipokea ishara za familia hii hupata taji na kukosa mzizi. Wako pia panya waliokosa protini iitwayo NFIC, iliyo mwishoni mwa msururu huo huo wa amri. Magego yao yana taji zuri tu, ila chini hakuna kitu.

Halafu kuna FGF10, na hii ndiyo ninayoipenda kuieleza kwa wanafunzi, kwa sababu inafanya kazi kwa kuondoka. Wakati taji linajengwa, FGF10 inazihifadhi seli shina zilizo ukingoni, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Ikizimika, seli hizo zinaisha, ala ya Hertwig inaundwa na mzizi unaanza. Kwenye meno ya mbele ya panya FGF10 haizimiki, ndiyo maana meno yale hukua maisha yote, na panya anakerezea gunia lako la mahindi usiku kucha bila jino kuisha. Kwa hiyo wanaofikiri kichochezi kingi zaidi kitaleta mzizi mrefu zaidi wanakosea. Kipimo na wakati ndivyo vinavyoamua.

Ishara ya aina hii kwenye jino iliwahi kuonekana zamani kidogo, na kwa bahati. Mwaka 1962 Stanley Cohen aliripoti kuwa dutu aliyoitoa kwenye tezi za mate za panya, ukiwadunga panya waliozaliwa karibuni, inawafanya wafumbue macho na kuota meno ya mbele mapema kuliko kawaida. Dutu hiyo tunaiita EGF leo, na mwaka 1986 ilimpatia Tuzo ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini wa Italia.

Mambo mawili ya mwisho hapa, na haya ndiyo yanayobadilisha matibabu. La kwanza: seli zinapoweka dentini, baadhi ya vichochezi hufungiwa humo humo ndani ya madini. TGF-beta, BMP, na VEGF inayovuta mishipa ya damu, vyote vimelala ndani ya kuta za jino la mtoto wako, na kuna dawa zinazoweza kuvifungua. La pili: kwenye ncha iliyo wazi ya mzizi kuna kipande laini cha nyama kinachoitwa papila ya ncha. Mwaka 2006 watafiti walieleza seli shina zilizomo ndani yake. Papila hiyo iko nje kidogo ya njia ya mzizi na inapata damu yake vizuri, kwa hiyo mara nyingi inabaki hai hata nyama ya ndani ya jino, ile ambayo wengi wetu huiita mshipa, ikiwa imeshaoza.

Ukiweka hayo mawili pamoja, unaona kwa nini jino changa lililokufa bado lina nafasi. Vichochezi vipo ukutani, seli za kuvipokea zipo mlangoni.

Mzizi hufunga lini? Kadiria miaka 3 baada ya jino kuota. Meno mawili ya mbele juu huota miaka 7 hadi 8 na mizizi yake hukamilika karibu na miaka 10. Gego la kwanza la kudumu huota miaka 6 hadi 7, hukamilika 9 hadi 10. Chonge za juu zinachelewa: zinaota 11 hadi 12, na mizizi inaisha kati ya 13 na 15.

Siku ya ajali

Kama jino limevunjika na kipande kimepatikana, kitie kwenye maji au maziwa uje nacho. Mara nyingi kinaweza kugandishwa kikakaa vizuri kuliko chochote nitakachokitengeneza mimi. Ukiona kidoa chekundu katikati ya sehemu iliyovunjika, hiyo ni nyama ya ndani ya jino imefunuka. Usiipake mafuta ya karafuu, tumbaku, spiriti wala dawa ya meno. Nyama hiyo ndiyo inayoumalizia mzizi, na kila unachokipaka kinaiunguza. Mpe mtoto dawa ya maumivu anayoizoea, chakula laini, umpeleke hospitali.

Kama jino limeng'oka lote, hapo dakika zina thamani. Hakikisha ni jino la kudumu. La utoto halirudishwi, kwa sababu ukilisukuma utaumiza kijino cha kudumu kilicho nyuma yake. La kudumu lishike kwa taji, usiguse mzizi. Kama lina mchanga, lisuuze kidogo kwa maziwa au kwa mate ya mtoto mwenyewe, usisugue, kisha lirudishe kwenye tundu lake na mtoto ang'ate leso safi. Ukishindwa, litumbukize kwenye maziwa, njoo nalo. Ni maziwa ya kawaida, ya pakiti au ya ng'ombe yaliyopoa, ila mtindi usitumie kwa sababu una asidi. Usilifunge kwenye karatasi, na usilitie mfukoni.

Sababu ni hii: juu ya uso wa mzizi kuna seli hai zinazobeba nyuzi za kushikilia jino. Zikikauka kwa saa nzima nyingi zinakufa, na mzizi ambao seli zake zimekufa hushikamana na mfupa, kisha mfupa unautafuna kidogo kidogo mpaka unaisha. Zikibaki hai, na ncha ikiwa bado wazi, mishipa ya damu inaweza kuingia tena ndani ya jino, na hapo hata njia ya mzizi huenda isihitaji kuguswa. Tutalifunga kwa waya laini kwa wiki 2, na tutaangalia kama chanjo ya pepopunda ya mtoto iko sawa.

Ukifika kliniki, dai picha

Usikubali uamuzi wowote kuhusu jino la mbele la mtoto wa miaka 8 bila eksirei. Na omba picha ichukue jino la jirani pia, lile lisiloumia. Picha moja ya jino moja haisemi mengi. Pacha wake wa upande wa pili ndiye kipimo.

Nikiiweka picha kwenye mwanga, naangalia kuta. Mzizi uliokomaa una kuta nene na njia nyembamba inayoishia kwenye kitundu kidogo. Mzizi mchanga njia yake ni pana, na kule mwisho kuta zinatawanyika badala ya kukutana, mdomo umepanuka kama wa gobori. Pale kwenye mdomo, ukitazama kwa makini, utaona kivuli cha mviringo chenye ukingo mweupe mwembamba. Hicho si jipu. Ni papila ya ncha, imekaa mahali pake. Tabibu mgeni anaweza kukiona akaandika kwamba jino lina usaha, likang'olewa jino zima. Ndiyo maana nasema tazama na la jirani: kama nalo lina kivuli kile kile kwa ukubwa ule ule, tulia.

Jambo jingine ni kipimo cha baridi. Tunagusisha pamba yenye baridi kali kwenye jino, mtoto aseme anasikia au hasikii. Kwa jino lenye ncha wazi kipimo hiki kinadanganya, kwa kuwa nyuzi za fahamu hukomaa ndani ya jino zikiwa zimechelewa. Na jino lililopata kishindo linaweza kunyamaza hata miezi 3 kisha likaamka. Kutojibu peke yake hakutoshi kulitoboa. Nataka dalili nyingine pamoja nayo: usaha kwenye ufizi, rangi ya kijivu inayozidi, maumivu ukiligonga, au picha inayoonyesha mfupa unaoliwa. Ushahidi ninaouamini kuliko yote ni picha ya pili baada ya miezi michache inayoonyesha mzizi umerefuka na kuta zimenenepa sawa na za pacha wake. Mzizi haujengwi na jino lililokufa.

Nyama imefunuka lakini iko hai

Hii ndiyo hali yenye matokeo mazuri kuliko zote, na ndiyo watu wengi wanayoiharibu kwa haraka. Nimeona watoto waliotolewa nyama yote ya jino, mpaka ncha, siku ile ile ya ajali, kwa sababu tu ilikuwa imefunuka kwa ukubwa wa kichwa cha pini. Ukitoa nyama yote, umeondoa seli zinazotengeneza dentini, na kuta zitabaki nyembamba vile vile.

Kinachotakiwa ni kupunguza kidogo. Miomir Cvek, aliyefanya kazi Sweden, alichapisha mwaka 1978 matokeo ya meno 60 aliyoyatibu hivyo, na 58 kati yake yalipona. Baadhi yalikuwa yamekaa wazi kwa wiki nyingi kabla ya kutibiwa. Kwa hiyo mzazi uliyetoka Handeni ukafika siku ya tatu, usijilaumu na usikubali kuambiwa umechelewa.

Kwa tabibu mwenzangu, hatua ni hizi. Ganzi. Zuia mate, kwa mpira maalumu kama unao. Kwa kichonga cha almasi kinachozunguka kwa kasi huku maji yakimiminika, ondoa milimita 2 hivi za nyama iliyofunuka. Osha kwa maji ya chumvi ya hospitali, bonyeza pamba yenye unyevu taratibu, subiri dakika chache. Damu ikikoma yenyewe, nyama iliyobaki ni nzima. Isipokoma, shuka kidogo tena. Usiache donge la damu kati ya nyama na dawa. Kisha weka kalsiamu haidroksaidi au saruji ya MTA, ziba juu pasipenye kitu. Dawa hizi mbili zinakera nyama kidogo na kufungua vichochezi vilivyofungiwa kwenye dentini iliyo jirani. TGF-beta ikishatoka, seli za chini yake zinajenga daraja jipya la dentini, na mzizi unaendelea na safari. Kama bajeti ya kituo chako inaruhusu moja tu, kalsiamu haidroksaidi ni rahisi na Cvek alipata matokeo yale kwa hiyo hiyo. MTA ya kijivu usiitumie kwenye jino la mbele, italipaka rangi.

Jino limekufa, ncha bado iko wazi

Hapa ndipo watu hukata tamaa na kung'oa. Zamani tulikuwa na njia moja ya maana: kujaza kalsiamu haidroksaidi kwa miezi mingi mpaka kizuizi kigumu kifunge ncha, halafu kuziba. Inafunga ncha kweli, lakini haiongezi unene wa kuta, na dawa hiyo ikikaa muda mrefu inaidhoofisha dentini. Meno mengi yaliyotibiwa hivyo yalivunjika shingoni. Leo tunaweza pia kuweka kizibo cha MTA kwenye ncha kwa ziara moja au mbili. Ni njia nzuri, ila nayo haikuzi mzizi.

Njia inayojaribu kuukuza ni kuirudisha damu. Mawazo yake yalianza kwa Nygaard-Östby wa Norway mwaka 1961. Wajapani waliripoti mgonjwa wao mwaka 2001, na mwaka 2004 Banchs na Trope wakaandika utaratibu ambao wengi wetu tunaufuata mpaka sasa kwa marekebisho.

Ziara ya kwanza ni ya kusafisha, na kusafisha huku kuna adabu yake. Usikwangue kuta. Tumia haipokloraiti, dawa ya kuoshea njia ya mzizi, ya asilimia 1.5, mililita 20 kwa dakika 5, sindano ikae juu kidogo ya ncha ili dawa isitoke nje. Ile kali ya asilimia 5 na zaidi tunayoitumia kwa watu wazima inaua vijidudu vizuri sana, lakini inaua pia seli shina za papila na kuharibu vichochezi vilivyo kwenye uso wa dentini. Weka kalsiamu haidroksaidi, funga, mpe mtoto wiki 1 hadi 4.

Ziara ya pili, kama usaha na uvimbe vimekwisha, chagua ganzi isiyo na adrenalini, kwa kawaida mepivakeini ya asilimia 3. Adrenalini inabana mishipa, na leo tunaitaka damu. Agiza mapema, maana famasi nyingi za wilayani hazina. Ondoa dawa, kisha osha kwa EDTA ya asilimia 17, mililita 20. Hii ndiyo hatua ambayo wenzangu wengi huiruka kwa kuiona ya nyongeza, na kwangu ndiyo roho ya kazi nzima. EDTA inayeyusha madini kwenye uso wa dentini, na TGF-beta na wenzake waliokuwa wamefungiwa humo wanabaki wazi, tayari kwa seli zitakazokuja. Usirudie haipokloraiti baada yake.

Kausha. Chukua faili, kile kisindano cha kusafishia njia ya mzizi, pinda ncha yake kidogo, ipitishe milimita 2 nje ya mzizi, ichokore. Damu itapanda. Inapanda taratibu, nyeusi kidogo kule chini kisha nyekundu ikikaribia mwanga, na unapaswa kuisimamisha ikiwa imebakiza milimita 3 au 4 kufika juu. Subiri igande. Damu hiyo imebeba seli shina kutoka kwenye papila, na chembe sahani zake, zile zinazoigandisha damu, zinamwaga vichochezi vya PDGF, TGF-beta na VEGF kadiri zinavyoganda. Juu ya donge weka MTA nyeupe au saruji ya aina hiyo, kisha kizibo.

Bibi mmoja wa Pangani aliyemleta mjukuu wake alikuwa amesimama nyuma yangu hatua hii. Akaniuliza, "Dokta mwanangu, umemkausha usaha vizuri, mbona sasa unamtoa damu?" Nikamwambia, "Bibi, hii damu ndiyo dawa yenyewe, simtoi, namwekea." Akacheka, akasema basi dawa hiyo asilipie. Alikuwa na hoja.

Nasema hivyo kwa sababu kuna kliniki zinazomtoa mtoto damu mkononi, zinaizungusha kwenye mashine ili kupata utando wenye chembe sahani nyingi, na mzazi analetewa bili nene. Mbinu yenyewe ni ya kweli, ilianzia Ufaransa mwaka 2001, na inasaidia pale damu inapogoma kupanda. Lakini damu ikipanda yenyewe, sioni sababu ya kumwingiza mzazi kwenye deni.

Na nikuambie ukweli kuhusu matokeo. Uvimbe na maumivu huondoka kwa walio wengi, na mfupa ulioliwa hurudi ndani ya miezi 6 hadi 12. Kunenepa kwa kuta huonekana taratibu, kati ya mwaka 1 na 2, na si kwa kila mtoto. Urefu hautabiriki. Kinachoota ndani mara nyingi ni tishu ya aina ya sementamu au mfupa, si nyama halisi ya jino. Pale ala ya Hertwig ilipoungua na usaha wa muda mrefu, hakuna wa kutoa amri tena hata vichochezi vikiwa tele. Hiyo ndiyo sababu ninawasihi mlete watoto kabla jipu halijakaa.

Gego la miaka 6

Hili linanikera kuliko ajali zote. Gego la kwanza la kudumu linaota nyuma ya magego ya utoto bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo mzazi analihesabu kuwa ni la utoto. Linatoboka, anasema litang'oka lenyewe. Haling'oki. Mtoto ana miaka 7 au 8, mizizi iko wazi, na tundu limekaribia nyama ya ndani.

Fungua mdomo wa mtoto wako sasa hivi, hesabu kutoka katikati kwenda nyuma. Jino la sita ni la kudumu. Likiwa na tundu, mwambie tabibu asilichimbe mpaka mwisho kwa siku moja: uozo laini ulio karibu na nyama unaweza kuachwa kidogo na kufunikwa vizuri, au nyama ya juu ikapunguzwa na ya mizizini ikabaki hai. Kanuni ni ile ile ya jino la mbele.

Yanayokatiza mzizi kabla ya wakati

Kuchokolewa "meno ya plastiki". Kile kiuvimbe cheupe kwenye ufizi wa mtoto mchanga anayeharisha ni chonge ya utoto inayojiandaa kuota. Wanaomchokoa kwa spoku ya baiskeli wanang'oa kijino kizima pamoja na seli zake, na mara nyingine wanaharibu na cha kudumu kilicho jirani. Kuharisha kunatibiwa kwa maji ya chumvi na sukari na kliniki ya watoto.

Meno kulegea ghafla pamoja na taya kuvimba kwa kasi, kwa mtoto wa miaka 4 hadi 8 hivi, si jambo la mizizi wala la kung'oa. Fikiria limfoma ya Burkitt, saratani iliyoelezwa na Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958. Inakua haraka sana na inatibika kwa dawa, kwa hiyo mpeleke hospitali ya rufaa wiki hiyo hiyo. Watoto wanaopona wanaweza baadaye kuwa na mizizi mifupi, maana dawa za saratani hazibagui seli zinazogawanyika. Wasishangae wakiambiwa hivyo, na wasing'olewe kwa sababu hiyo.

Kuhusu zile dawa za kuotesha meno zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: majaribio ya kweli yapo, yalianza Kyoto, Japani, mwaka 2024, kwa kingamwili inayozuia protini iitwayo USAG-1, ambayo kawaida huzikandamiza BMP. Wa kwanza kupewa walikuwa watu wazima, chini ya uangalizi wa hospitali. Anayekuuzia vidonge au unga wa kukuza mizizi kwa mtoto wako anakuuzia unga.

Baada ya matibabu

Rudi hata kama mtoto hana maumivu. Kwa jino lililovunjika na nyama kufunuka, picha zinapigwa wiki ya 6 hadi 8, mwezi wa 3, wa 6, na mwaka. Kwa lililong'oka na kurudishwa, ni mara nyingi zaidi mwanzoni, halafu kila mwaka kwa miaka 5. Zote zipigwe kwa pembe ile ile kadiri inavyowezekana, la sivyo mzizi utaonekana umerefuka kwa sababu tu mashine iliinamishwa. Ukihamia mkoa mwingine, omba nakala za picha zote uondoke nazo kwenye simu, na ya kwanza kabisa usiifute: ndiyo atakayoilinganisha daktari mpya.